Kidole cha Herufi A

Ngokolo, Shinyanga
5 Februari 1989

Dada Mektilda,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa safari ilikuwa ya vumbi mpaka ndani ya meno. Lori lilikaa Kahama siku nzima likisubiri tairi, nikapanda jingine lililokuwa linarudi tupu. Natumaini wewe, shemeji na Kalisti mmeamka vizuri.

Nimepata chumba kwa mama mmoja mjane anayefuga kuku. Ananiita "mgeni" na hajaniuliza lolote. Chuo nacho nimeanza. Ni cha masista, madarasa mawili na jiko. Ninasoma mambo ya ofisi. Mkono hausumbui, kidonda kimefunga, unawasha tu asubuhi kukiwa na baridi. Wale tuliokuwa tukichimba nao Geita wakikuuliza, waambie sirudi shimoni. Mwamba uliochukua vidole vitatu hautarudisha chenji.

Sasa jambo lenyewe. Najua niliondoka bila kumuaga Esta. Najua posa ilikwishapelekwa, na ni wewe na shemeji mliokwenda kukaa kwa Mzee Eustace kunisemea. Nakuomba kama mdogo wako: usinieleze habari zake, wala usimweleze zangu. Usimtaje kabisa. Baba yake ni mtu wa pamba na ng'ombe. Binti yake atafanya nini na mwanaume asiyeweza kukamata mpini wa jembe? Mwache apate nafasi yake.

Msalimie shemeji. Mpe Kalisti busu, asipotaka mpe la pili.

Mdogo wako,
Cornel


Runzewe
12 Machi 1989

Mdogo wangu Cornel,

Marahaba sana. Barua yako ameileta katekista kutoka parokiani Ushirombo, imekunjwa mara nyingi mpaka nilidhani ni dawa. Sisi wazima. Mahindi yamebeba, mvua haijatutupa. Baba Kalisti amepata kazi kwenye mashine mpya ya kusaga, anarudi mweupe kama mzungu. Kalisti kila asubuhi anakwenda kwenye msumari uliokuwa unatundikia koti lako, anauangalia, kisha ananiangalia mimi kama vile mimi ndiye niliyekuuza.

Nikuulize. "Mambo ya ofisi" ndiyo mambo gani? Watu wanaonunua chai na maandazi hapa kwangu wanauliza, nami nawajibu, "Anasoma ofisi." Mmoja alisema labda unafundishwa kufagia. Niambie vizuri nipate la kuwajibu.

Kuhusu yule uliyenikataza nisimtaje, simtaji. Ila Jumapili baada ya misa kuna mtu aliingia jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akavuta beseni la viazi akamenya vyote, hata vile nilivyoviweka kwa ajili ya kesho. Nikamuuliza, "Utakunywa chai?" Akasema, "Hapana, wifi." Akaosha kisu, akaondoka.

Umeona? Sijamtaja.

Nimekutumia michembe ya viazi vitamu kwenye mfuko wa sukari. Usiile mikavu, tumbo lako nalijua.

Dada yako,
Mektilda


Ngokolo, Shinyanga
16 Aprili 1989

Dada,

Shikamoo. Michembe ilifika. Nilimgawia mama mwenye nyumba, na tangu siku hiyo nimepanda cheo, ananiita "mwanangu". Mwambie Kalisti koti ninalo, linausubiri msumari wake kama yeye anavyonisubiri.

Umeuliza mambo ya ofisi ni nini. Nilikuwa natafuta maneno ambayo hayatakuchekesha, sikuyapata. Nasoma uhazili. Kupiga taipureta, hatimkato, kupanga mafaili, kupokea wageni. Darasani mwanaume ni mimi peke yangu. Siku ya kwanza mwalimu wetu, Sista Euphrasia, aliponiona mlangoni alidhani nimeleta kuni. Wasichana walicheka wiki nzima. Anayekaa kando yangu anaitwa Bhoke, ametoka Tarime, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Siku moja alisimama akawaambia, "Mnamcheka nini? Ninyi mmeletwa na baba zenu. Huyu amejileta." Tangu hapo nina amani na watu.

Na taipureta sina amani. Kila kidole kimepewa herufi zake, na mikono yetu inafunikwa kitambaa tusitazame. Kidole kidogo cha kushoto ni cha A. Kinachofuata ni cha S. Cha kati ni cha D. Dada, hao ndio watatu waliobaki Geita. Na Kiswahili hakiendi hatua mbili bila A. Andika "baba", andika "maharage", andika "tafadhali". Inabidi kidole cha shahada kiache herufi zake, kikimbie kwa A, kirudi mbio. Mashine yenyewe ni chuma kitupu. Kidole kikifika pale kimeshachoka, A inatoka hafifu. Ukurasa wangu wote ni mweusi isipokuwa kwenye A, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Tuna mtihani mwisho wa Juni. Tutaona.

Nisalimie wote.

Cornel

Nilisahau. Huyo mtu wa viazi, alionekana mzima?


Runzewe
14 Mei 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa ni wazima, ila Kalisti alikuwa na homa ya siku chache, sasa anakula mpaka ya jirani. Barua yako nilimsomea Baba Kalisti. Aliposikia "uhazili" alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Halafu akaiachia. Akasema, "Mimi nisingeweza. Kukaa katikati ya wasichana wote wale, na mkono ule." Juzi kuna mtu alianza kukutania pale mashineni, shemeji yako akamwambia achukue unga wake aondoke.

Mimi sikucheka. Nilikasirika. Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne pale Didia, nikaacha shule ili wewe upate mgongo wa kubebwa. Hakuna kitu chako ambacho sijakiosha. Leo unanificha jina la somo? Ungekuja kuniambia unasoma kusuka nywele, ningekuletea kitana.

Umeuliza kama mtu yule alionekana mzima. Mwili, mzima. Nyumbani kwao siku hizi kuna mgeni anafika na pikipiki nyekundu. Ni mnunuzi wa dhahabu, anavaa saa mbili mkono mmoja. Sisemi ni kwao nani. Umenikataza.

Kidole chako cha shahada ukipumzishe. Kipake mafuta ya samli.

Mektilda


Ngokolo, Shinyanga
2 Julai 1989

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi Kalisti amepona. Hapa mjini upepo umeanza, na pamba inayopita kwenye malori inakwama kwenye miiba, barabara nzima imeota mvi.

Sikukuandikia mwezi wa Juni kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nilishindwa mtihani. Wanataka maneno ishirini na tano kwa dakika. Mimi nilipata kumi na moja, na ukurasa ulijaa matobo ya kufutafuta. Sista Euphrasia aliniita, akanieleza kwa upole. Nilifunga mizigo yangu, dada. Nilikuwa hata sijui nielekee wapi.

Asubuhi niliyotaka kuondoka akaniambia, "Cornel, kabla hujaenda, nisaidie kushusha masanduku. Wasichana hawataweza." Yalikuwa makubwa, yamefungwa kamba, yametolewa msaada kutoka Ulaya. Ndani yake kompyuta nne. Tuliziweka mezani, Sista akawa anasoma kitabu cha maelezo huku kidole chake kikifuata mistari. Ya kwanza ilipowaka akasema, "Kaa hapo, andika jina lako nione kama inafanya kazi."

Nikakaa. Dada, vibonye vyake ni laini. Unagusa kama unavyogusa paji la mtoto kuona kama ana homa. Nikaandika jina langu. Akasema, "Andika kitu kingine." Nikaandika "maharage". Kwenye kioo A zikatokea kijani, zimeiva sawasawa na wenzao. Mashine haijali umegonga kwa nguvu au kwa unyonge, wala kwa kidole gani. Kisha nikaona nimekosea, nimeruka A moja, nimeandika "mahrage". Nikainua mkono kutafuta raba, Sista akasema, "Hakuna raba. Rudi nyuma kwa kibonye hiki, uichomeke mahali pake." Nikaichomeka. Herufi zikasogea zenyewe, kama watu wa benchi la kanisani wanavyompisha aliyechelewa.

Sista akakifunga kitabu cha maelezo. Akasema, "Sikupi ahadi. Cheti cha uhazili hutapata, taipureta umeshindwa. Lakini kozi ya mwanzo ya kuandika kwa kompyuta inaanza Agosti mpaka Desemba. Natakiwa kuwa na wanafunzi kumi na wawili. Ninao kumi na mmoja."

Nimefungua mizigo.

Kuhusu yule mgeni wa pikipiki, mtu ana haki ya kupokea wageni nyumbani kwake. Mimi sina la kusema.

Cornel


Runzewe
23 Julai 1989

Cornel,

Marahaba. Wazima. Kalisti mzima. Tunavuna.

Nimefurahi kwa kompyuta, nimemshukuru Mungu na nimemwombea huyo Sista. Lakini ile "sina la kusema" yako imenitia hasira mpaka nimeunguza maandazi.

Mimi nimechoka kuandika habari za watu wasio na majina. Kuanzia leo sitakuambia neno. Ukitaka kujua, uliza. Na uulize kwa jina.

Mektilda


Ngokolo, Shinyanga
10 Septemba 1989

Dada,

Shikamoo. Poleni na mavuno, na pole kwa maandazi. Mama mwenye nyumba anawasalimu; kuku wake mmoja anataga kwenye kiatu changu na hakuna anayeona kwamba ni kosa lake.

Nikueleze masomo. Tuko watatu watatu kwa kila mashine, tunapokezana. Jambo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa gumu kwa wenzangu kuliko kwangu. Kwenye taipureta ukifika mwisho wa mstari unarudisha gari la mashine mwanzo kwa mkono. Kwenye kompyuta unaendelea tu kuandika, mstari unajikata wenyewe na kushuka chini. Bhoke, anayepiga taipureta kama mvua ya mawe, hawezi kuamini. Kila akifika mwisho anabonyeza kushuka, halafu akiongeza neno moja katikati, ukurasa wote unavunjika vipande kama ngazi. Aliipiga meza akasema, "Mashine hii inanifanya mjinga!" Mimi sikuwa na mazoea mazuri ya kuacha, kwa hiyo nilikwenda taratibu na nikafika. Sasa ninaweza kuhamisha aya nzima kutoka juu kwenda chini, kupanga kichwa cha habari katikati, na kutafuta neno moja mahali pote lilipo nikalibadilisha. Tena nimemsaidia Bhoke, naye ananiita "kaka" darasa zima likisikia.

Wiki iliyopita Sista alisema kila mmoja aandike barua ya ukurasa mzima, kwa mtu yeyote, ajifunze kupanga pambizo. Wenzangu waliandika maombi ya kazi. Mimi nilikaa, nikaanza kuandika, na nilipokuja kushtuka nilikuwa namwandikia yeye.

Nilimwandikia kwa nini sikumuaga. Siku aliyokuja kuniona hospitali niliisikia sauti yake mlangoni, nikauficha mkono chini ya blanketi, nikajifanya nimelala. Alikaa muda mrefu. Alinifukuzia nzi. Kisha nikasikia nguo yake inainuka kwenye kiti, na miguu inakwenda. Sikufungua macho. Nikamwandikia hayo yote, na mengine ambayo wewe sitakuandikia.

Nilikuwa karibu na mwisho umeme ukakatika. Vioo vyote vikazima kwa pamoja. Sista akauliza, "Nani alikuwa amehifadhi kwenye disketi?" Wachache wakainua mikono. Mimi sikuinua. Akasema, "Basi iliyobaki haipo, mtaanza upya." Umeme uliporudi nikatafuta, ukurasa ulikuwa mtupu. Kwanza nilishukuru, dada. Nilijiambia afadhali hakuna atakayeisoma. Baadaye nikiwa njiani narudi nyumbani, nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara na sikuweza kuinuka.

Kwa hiyo nauliza. Esta hajambo? Ameolewa? Nimeuliza kwa jina.

Cornel


Runzewe
1 Oktoba 1989

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba, marahaba. Salamu za nyumbani nazifupisha: wote wazima.

Esta. Esta. Esta. Nimeliandika mara tatu kwa sababu lilikuwa limenikaa kooni tangu Machi.

Esta hajaolewa. Mwezi wa nane yule mwenye pikipiki alileta wazee wake. Mzee Eustace akamwita binti yake mbele ya wageni. Haya nimeyapata kwa mama yake, sijaongeza chumvi.

"Unamjua huyu?"

"Naijua pikipiki yake," Esta akasema.

"Anataka kukuoa."

"Baba, mimi nimekwishaposwa."

"Na nani? Na yule aliyekimbia?"

"Hakukimbia. Yuko shule."

Mzee akamwuliza, "Aliye shule hajui kuandika barua?"

Wageni wakanywa togwa, wakaondoka. Esta akaja mbio kwangu, akakaa kwenye kigoda kile kile, na safari hii alisema. "Wifi, watu wananiona kama mimi ndiye niliyemkataa kwa ajili ya mkono. Mkono wake mimi hata sijauona! Angesema hanitaki, ningelia nikamaliza. Lakini kuniamulia kwamba sitaweza, bila kuniuliza? Mimi nimelima shamba la baba tangu nina miaka saba. Nani kamwambia ninatafuta mtu wa kunilimia?"

Ungekuwepo ningekupiga mwiko.

Mzee Eustace si mtu mbaya. Amesema hivi: Krismasi ikipita kabla hujafika mwenyewe ukasema kwa mdomo wako, atampokea mwingine, na hatasikiliza machozi ya mtu.

Na sasa nisikilize. Usiniandikie mimi tena kabla hujamwandikia yeye. Barua iliyofutika iandike upya.

Barua hii nampa utingo wa lori linalokuja huko, ikufikie upesi kuliko ya posta.

Dada yako akupendaye,
Mektilda


Ngokolo, Shinyanga
5 Novemba 1989

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, na kwamba mvua za kwanza zimewafikia.

Tangu nikuandikie Septemba sijapata neno. Nilikwenda kuulizia kila malori yalipoingia, na posta wananijua kwa sura. Nimelielewa jibu lako. Nakushukuru kwa kutoniandikia. Najua ingekuuma mkono kuandika kwamba ameolewa, na mimi ndiye niliyekufunga mdomo mwanzoni. Namtakia heri. Mwambie hivyo, au usimwambie.

Kuna ofisi moja Dar es Salaam inatafuta kijana wa kuandika kwa kompyuta, aanze mara tu baada ya mtihani wa Desemba. Sista amenionyesha barua yao. Karatasi za kukubali natia saini tarehe 20 mwezi huu. Ni mkataba wa miaka mitatu na likizo haipo mwaka wa kwanza. Nitaondokea hapa hapa kwa treni. Sitapita Runzewe. Nitamtumia Kalisti koti jipya la saizi yake.

Unisamehe, dada.

Cornel


Runzewe
14 Novemba 1989

CORNEL, ESTA HAJAOLEWA.

Salamu nitazileta mwishoni. Nilikujibu! Nilikujibu tarehe mosi Oktoba, nikampa utingo barua, na leo ndiyo nasikia lori lile liliharibika Kahama na bado limelala gereji. Nadhani barua yako imelala nayo.

Esta hajaolewa. Alimkataa mwenye pikipiki mbele ya wazee. Baba yake amekupa mpaka Krismasi. Usitie saini karatasi ya mtu yeyote.

Posta siiamini, utingo simwamini. Baba Kalisti ameomba ruhusa mashineni, anakuja mwenyewe, barua hii iko mfuko wa ndani wa shati lake. Nimemwambia akikukosa chuoni akusubiri mlangoni.

Shikamoo yako nimeipokea. Sisi wazima.

Mektilda


Shinyanga
19 Novemba 1989

Dada Mektilda,

Shikamoo. Usishtuke kuona herufi za kitabu, barua hii haijatoka serikalini. Imetoka kwenye mashine, na mikono ni yangu. Sista Euphrasia amenipa ruhusa nitumie karatasi ya chuo. Printa ina kelele za mashine ya kusaga; shemeji aliposikia akasema sasa yuko nyumbani.

Najua hatakueleza vizuri, maana wewe mwenyewe unasema ukimtuma sokoni anarudi na habari nusu. Alifika jana tukiwa darasani. Alisimama mlangoni, mwekundu wa vumbi mpaka kwenye nyusi, akauliza kwa sauti kubwa, "Cornel ameshasaini?" Bhoke akajibu kwa niaba yangu, "Bado, kesho kutwa!" Shemeji akavuta benchi akakaa, akaanza kuvua viatu mbele ya Sista. Alikuwa ametembea sehemu ya njia. Kahama alipita gereji, akapanda lori lile bovu, akaikuta barua yako ya Oktoba chini ya kiti pamoja na spana. Akanipa zote mbili.

Niliisoma ya Oktoba nimesimama nje, ukutani. Sijui nilikaa huko muda gani. Sista alikuja, nikamwambia, "Sista, Dar siendi." Nilidhani atakasirika. Akasema, "Dar watapata mtu. Mashine hizi nazo zinahitaji wa kuzitunza na kuwaanzishia wanafunzi wapya. Si kazi kubwa, Cornel. Ni ya hapa." Nimeikubali, mradi nifaulu mtihani.

Shemeji anaondoka kesho. Ana bahasha nyingine, si yako. Usiifungue, dada, nakujua. Niliiandika leo asubuhi, na nilikuwa nahifadhi kila baada ya sentensi mpaka Bhoke akaniuliza kama disketi inavuja.

Nikimaliza mtihani nakuja. Mwambie Mzee Eustace nitasema kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Cornel


Runzewe
14 Januari 1990

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi umefika salama Shinyanga. Kalisti analala na kofia uliyomwachia, hataki ikae pembeni hata akioga. Cheti chako cha kompyuta Baba Kalisti alitaka kukitundika mashineni. Nikamwambia kitapata unga, basi kipo hapa ukutani na watu wa chai wanakisoma bila kuelewa. Wanaulizana hiyo "kuandika kwa kompyuta" inalimwa au inafugwa.

Bahasha ile sikuifungua. Niliipandisha kwenye mwanga mara moja tu, haikuonyesha kitu.

Uliondoka hapa na wasiwasi kwa sababu siku ile ya Krismasi, ulipokwenda kusema kwa mdomo wako, Mzee Eustace hakusema ndiyo wala hapana. Nataka ulale vizuri. Alhamisi alikuja hapa kwangu, akanywa chai vikombe viwili, akazungumza habari za mvua na bei ya pamba mpaka nikadhani amesahau alichofuata. Aliposimama kuondoka akauliza, "Yule kijana anarudi lini?" Nikamwambia Pasaka. Akasema, "Pasaka ni mbali kidogo. Lakini sawa. Mwambieni aje na shemeji yake, tumalize mazungumzo." Nimeandika kama alivyosema. Mwenye pikipiki amehamia machimbo mengine, nasikia na huko anatafuta mke.

Sasa nikupe usilolijua. Siku ile kwa Mzee Eustace wewe ulikuwa sebuleni na wazee, mimi nilikuwa jikoni na wanawake, na ukuta ule ni mwembamba. Ulipokuwa unazungumza, Esta alisimama nyuma ya mlango na birika la maji mkononi. Mama yake akamwambia, "Peleka maji watu wanawe." Hakusogea. Ulipomaliza kusema, ndipo akaingia.

Mliyoyaona sebuleni mnayajua ninyi. Najua kwamba aliwanawisha wazee kwanza, alipofika kwako ukatoa mkono wa kulia peke yake, ule mwingine ukiwa mfukoni mwa koti. Najua hakukumiminia maji. Baba Kalisti amenieleza kwamba alisimama tu na birika lake, na wazee wote wakaanza kutazama dari, mpaka ulipoutoa. Akakunawisha yote miwili, taratibu, akakupa kitambaa.

Lakini ninyi mliona mgongo wake ukirudi jikoni. Mimi niliuona uso. Aliweka birika chini, akakaa kwenye gunia la mahindi, akafunika macho kwa kanga. Mama yake akashtuka akamwendea.

"Kuna nini? Kimetokea nini huko?"

Esta akatikisa kichwa. Mabega yalikuwa yanatetemeka, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja.

"Nimeuona," akasema. "Mwaka mzima sipati usingizi, nimeufikiria mkono huo ukiwa hivi, ukiwa vile, wa kutisha. Mama, ni mkono tu. Tena una joto."

Mama yake akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akafunua sufuria, akapakua wali, akamkabidhi sahani kubwa.

"Basi inuka," akamwambia. "Wapelekee chakula kabla hakijapoa."

Dada yako,
Mektilda